Boriti Korja Mbili

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Langoni, Lamu, na mimi ni karani hapo tangu enzi za kompyuta ya kioo cheusi na maandishi meupe. Programu ile haikuwa na picha hata moja. Mgeni akiitazama, haoni kitu. Mimi nilikuwa napiga BR2, Enter, Enter, huku namuuliza mteja hali ya watoto, na boriti korja mbili, yaani arubaini, zishaandikwa. Risiti inatokea stoo, punda anapakiwa.

Akaja mtoto wa nduguye tajiri wetu, mwenye duka, kutoka Mombasa na programu mpya, ya picha za rangi, ambayo kila ukigusa inauliza, "Una uhakika?" Haihitaji kufundishwa, alisema, na kweli: kijana aliyekuja kusaidia likizo aliimudu kabla ya adhuhuri. Mimi wa miaka yote hiyo, kuuza kilo ya misumari napitia picha ya nyundo, kisha picha ya chuma, mpaka mteja ananionea huruma.

Mwaka 1968 Douglas Engelbart, mhandisi Mmarekani, aliionyesha mausi, kipanya cha kompyuta, hadharani kule San Francisco. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibao cha vibonye vitano, cha kuandikia kwa mkono mmoja. Kibao kilitaka mtu akae ajifunze, mausi haikutaka. Ulimwengu ukachukua mausi, na balaa likaja kunishukia mimi Langoni.

Ilikuwa Ijumaa, sala imekaribia, foleni hadi barazani, punda wa mtu anatafuna boksi la vigae. Fundi wa Mkomani akaagiza boriti zake akaondoka. Vidole vikaenda vyenyewe: BR2, Enter, Enter. Programu, kwa wema wake, ikakumbuka kitu cha B kilichouzwa mwisho: beseni. R ikaitupa. Korja haijui, inajua dazeni. Na Enter mbili ikazihesabu kuwa nina uhakika, tena sana.

Punda alitoka kwa mbwembwe, mzigo mwepesi ajabu.

Fundi akapiga simu kutoka juu ya ukuta. "Shekhe, dari ya mabeseni ndiyo fasheni mpya?"

Tajiri akamgeukia mwenye programu.

"Lakini ami, hii hata mtoto wa darasa la nne anaiweza!"

"Vyema. Kamwite huyo mtoto, ampelekee fundi boriti. Na mabeseni arudi nayo kichwani."