Kalenda ya Regiomontanus: Kisahani Kilichopotea Kirudishwe?

Mwaka 1476, mjini Venice, wachapaji Erhard Ratdolt, Bernhard Maler na Peter Löslein walitoa kalenda ya falaki iliyotungwa na Johannes Müller wa Königsberg, ambaye wasomi humwita Regiomontanus. Ukurasa wake wa mbele, wenye urembo wa mimea, mwaka wa uchapaji na majina ya wachapaji wenyewe, ulikuwa jambo geni katika vitabu vya wakati ule, na ndio unaotajwa kwanza kila nakala inapopelekwa mnadani. Ubishi ninaoutaka mimi, hata hivyo, uko kwenye majani ya mwisho.

Huko kuna vyombo vya karatasi. Kimojawapo kina visahani vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, ambavyo msomaji alivizungusha kwa kidole ili ajue mwezi uko wapi angani. Kingine, cha kutambua saa kwa jua, kiliwekewa mkono mdogo wa shaba ya njano wenye viungo. Vitu vya namna hiyo havistahimili karne tano. Uzi hukatika, karatasi hulika pale kwenye kitovu, mkono wa shaba hung'oka, na mwisho hubaki tundu dogo lenye duara la uchafu kulizunguka.

Wanaotaka kisahani kipya kiwekwe wana hoja nzito. Regiomontanus hakutunga kitabu cha kusomwa tu: aliweka majedwali ya mwezi mpya na mwezi mpevu, akachora kupatwa kwa jua na mwezi kulikotarajiwa kuanzia 1475 hadi 1530, kisha akampa msomaji chombo cha kufanyia hesabu mwenyewe. Kukiacha chombo hicho bila sehemu inayozunguka ni kama kuhifadhi saa isiyo na mishale. Mwanafunzi anayekizungusha huelewa kwa dakika chache jambo ambalo maelezo marefu hayamfikishii.

Wanaopinga nao hawabishi kwa ukaidi. Lile duara la uchafu ni ushahidi kwamba mtu fulani alikizungusha kisahani mara nyingi, na gundi mpya hulifunika. Baya zaidi ni kisahani kinachong'olewa kwenye nakala nyingine mbovu, kwa sababu karatasi ni ya zama zilezile na wino ni uleule, kwa hiyo hata jicho la mzoefu laweza kudanganyika, na nakala mbili huharibiwa ili moja ionekane kamili. Mnunuzi hulipia ukamilifu ambao kitabu hicho hakikuwa nao.

Mimi naelemea upande wa pili, ingawa si kwa ukali wote. Tundu liachwe wazi. Kisahani cha mfano kitengenezwe kwa karatasi ya leo, kibandikwe kwenye kadi iliyo peke yake na kuwekwa pamoja na kitabu, ili anayetaka kuuzungusha mwezi auzungushe bila kugusa jani la 1476. Naye muuzaji aandike kwa maneno yasiyo na kona ni sehemu zipi za asili, zipi zimeongezwa na zipi hazipo, maana neno «kamili» likisimama peke yake kwenye orodha ya mnada halimwambii mnunuzi kama mkono wa shaba anaouona uliwekwa Venice au uliwekwa mwaka jana.