Shangazi na Dirisha la Kuteleza

Shangazi alirudi arusini Fumba, kule kwenye nyumba mpya, amenuna. Pilau alikula, zawadi alitoa. Kilichomkera ni madirisha. "Wenzetu wanasukuma kwa kidole," akasema huku anavua baibui. "Ssss, limeteleza, limefunguka. Mimi langu nikilifungua mtaa mzima unajua nimeamka."

Hakusema uongo. Nyumba yetu iko Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, na madirisha yake ni ya mbao nzito, yana nondo na vibao vya kupitisha upepo, yalikuwapo kabla babu hajaoa. Masika mbao zinavimba, unasukuma kwa bega. Kaskazi ikiingia zinasinyaa, paka anapita bila hodi.

Sasa, Mji Mkongwe hubandui kitu bila kibali. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: ndani ni kwako, uso wa nyumba ni wa walimwengu. Ukitaka kugusa dirisha unajaza fomu, unapeleka mchoro na picha, mkaguzi anakuja na futi yake, na ukitaja aluminiamu ya kuteleza kama ya Fumba, jibu lake hata wanywa kahawa wa barazani wanalijua. Nikamshauri Shangazi tuombe walau kuyatengeneza yaleyale ya mbao. Akanitazama juu mpaka chini. "Nikaombe ruhusa ya kuchungulia nje? Eda nimemaliza zamani."

Mpango aliupanga mwenyewe: Ijumaa. Adhuhuri wanaume wote wako msikitini, mtaa mtupu. Yakishapachikwa mapya, nani atayabandua? Fundi akatafutwa Mkristo makusudi. Ya zamani akamwita mwenye duka la vitu vya kale, hawa wanaowauzia watalii milango na makasha, naye akayachukua yote sita asubuhi na mapema kwa bei ya kuni. Shangazi akahesabu noti anacheka. "Mjinga yule! Kanunua mchwa!"

Kufika saa saba mchana nyumba ilikuwa na matundu sita na aluminiamu haijafika. Rikwama lilikuwa limekwama kwenye kona ya uchochoro, pale ambapo watu wawili wenye afya zao hawapishani bila mmoja kuomba radhi. Hamali anavuta, fundi anasukuma, mimi nimekumbatia vioo, na nyuma yetu muuza madafu na baiskeli yake anatutukana kwa adabu. Lilipokuja kunasuka, msikiti umeshatoka, na kila aliyepita alikuwa na ushauri.

La kwanza likaingia vizuri, Shangazi akapiga kigelegele. La pili likabakisha pengo la kupitisha mkono. La tatu halikuingia kabisa. Kumbe fundi alipima dirisha moja akazidisha mara sita, na katika nyumba zile hakuna dirisha lenye pacha wake. "Hili nitalibana kwa skrubu," akasema, akawasha drili.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Ukizitazama unaziogopa. Drili ikazama bila ubishi, chokaa ikaanza kumwagika kama unga wa sembe gunia likitoboka, na skrubu ikawa inazunguka tu, haishiki popote. Akatia ndefu zaidi. Unga ukazidi. Ndipo tukasikia sauti kutoka chini, tulivu kabisa: "Fundi, nije nikusaidie?"

Alikuwa mkaguzi, katika kanzu yake ya Ijumaa, chokaa mabegani na juu ya kofia.

Barua ya zuio ilikuwa fupi: aluminiamu itoke, ya mbao yarudi, yaleyale.

Mvua nazo zikaanza. Tukaziba matundu kwa kanga, na watalii wakaanza kusimama kupiga picha. Papasi mmoja, hawa wanaojipachika kuongoza watalii, Mungu amsamehe, akawa anawaeleza kwamba hiyo ni mila ya Waswahili: mjane akitundika kanga dirishani anatangaza kuwa yuko tayari kuolewa. Shangazi alikuwa nyuma ya kanga hiyohiyo, na Kiingereza anakisikia. Hakumkanusha. Kesho yake akaziondoa zilizochakaa akatundika doti mpya.

Dukani tulikuta madirisha yetu yamepakwa mafuta, yametiwa vioo vya kujitazamia, yana bei ya dola.

"Bi Mkubwa, hizi ni mbao za kihistoria," mwenye duka akasema.

"Si nimekuuzia mimi!"

"Mbao umeniuzia. Historia nimeitia mimi."

Walivutana mpaka magharibi. Tukatoka na matano, kwa fedha ambazo sizitaji hapa kwa sababu Shangazi ana simu siku hizi na anasoma. La sita lilikuwa limeshaondoka na mgeni mmoja kwenda Italia.

Mkaguzi akasema hilo lichongwe upya, lakini lifanane, kwa hiyo tulete ushahidi wa lile la mwanzo. Tukapekua makasha yote. Ikapatikana picha moja tu: marehemu mume wa Shangazi, siku ya Idi, amekaa mbele ya dirisha lilelile na mwili wake wote aliojaliwa. Mkaguzi akaisogeza karibu, akaipeleka kwenye mwanga, akaipindua kana kwamba mtu atahama.

"Bi Mkubwa, hapa naona nusu. Nusu ya pili kaiziba marehemu."

"Bwana wee, hata alipokuwa hai nikimwambia asogee hasogei."

Mkaguzi hakucheka. Akafungua fomu, akaandika kitu taratibu. Nikachungulia begani kwake. Kwenye nafasi ya upande wa kulia alikuwa ameandika: "Haionekani. Mume."