Hamira Haikumwibia Mkulima wa Vanila

Kila inapotajwa hamira au mmea uliobadilishwa vinasaba ili utoe ladha ya vanila, hutangulia hoja mbili: ni sumu, na itamfilisi mkulima. Ya kwanza tusiipotezee muda. Vanilini, kemikali inayoipa vanila ladha yake, iliyotoka kwenye ganda la vanila na iliyotoka kwenye pipa la hamira ni molekuli ile ile. Ya pili ndiyo nzito, kwa sababu kazi yenyewe ni ya jasho.

Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Mkulima wa Kagera au wa Mukono, Uganda, hupita mmea kwa mmea na kijiti chembamba, akanyanyua kijiwambo kinachozuia chavua ndani ya ua, kisha akabana chavua kwa kidole gumba. Mbinu hiyo aliibuni Edmond Albius mwaka 1841, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion. Ganda hukomaa kwa miezi tisa hivi, kisha lichovywe kwenye maji ya moto, lifunikwe litoe jasho, lianikwe kwa wiki nyingi. Kilo tano au sita mbichi hutoa moja kavu, na ndani ya hiyo moja vanilini ni gramu 20 hivi.

Ndiyo maana chini ya asilimia moja ya vanilini inayotumika duniani hutoka kwenye vanila. Chini ya asilimia moja! Wanaosema hamira itamnyang'anya mkulima soko waeleze ni soko gani, maana sehemu kubwa ilishachukuliwa zamani na viwanda vinavyotumia malighafi ya petroli, na kidogo na vile vya mbao. Wanakemia Tiemann na Haarmann walitengeneza vanilini Ujerumani mwaka 1874. Baadaye, kwa miongo kadhaa, viwanda viliitoa kwenye mafuta ya karafuu, na karafuu enzi hizo ilikuwa hasa Unguja na Pemba. Nasi tumo, basi.

Hata anguko lililowaumiza wakulima wengi halina mkono wa hamira. Bei ya vanila ilipanda hadi dola 400 na zaidi kwa kilo kufikia 2003, kila mwenye kipande cha ardhi akapanda marando, wanunuzi wakakimbilia vanilini ya bei rahisi, na mwaka 2005 kilo haikufika dola 50. Hamira yenye vinasaba vipya iliripotiwa na watafiti mwaka 2009, na vanilini yake ikaingia sokoni kama mwaka 2014. Mwaka huo huo watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliripoti kwamba kinasaba cha vanila walichokitia kwenye tumbaku na shayiri kilitoa vanilini humo pia. Ukiniuliza, vanilini ambayo hamira huitoa kwenye sukari, au ya jani la mmea, ni afadhali kuliko ya petroli.

Wapinzani wana hoja moja ambayo siwezi kuipita. Vanilini ya petroli hairuhusiwi kuitwa ya asili, lakini ya hamira, Ulaya na Marekani, inaruhusiwa, kwa kuwa sheria huhesabu uchachushaji kuwa njia ya asili. Kwa hiyo mgeni huyu hagombei ile asilimia 99. Anabisha hodi kwenye kile kibanda kidogo alichobakiziwa mkulima. Hapo kelele zina haki, ila zielekezwe kwenye lebo, maabara ziachwe. Ganda lina viambata vingine zaidi ya 200, na mpishi anayelipia ganda analipia hivyo. Ulaya tayari inataka kinachoitwa ladha ya asili ya vanila kitoke kwenye vanila yenyewe kwa asilimia 95 au zaidi. Mwanya uliobaki ni yale maneno mawili, "ladha asilia", yaliyochapwa chini ya picha ya ua la vanila. Picha hiyo ipigwe marufuku kwenye pakiti isiyo na vanila ndani, na vyama vya ushirika vya Kagera na Uganda viwe wa kwanza kuidai.