Kilo 12 Ubavuni, Kilomita 10 Barabarani

Jamani, nyonga!

Goti likiuma, mtu anapewa pole na kiti cha mbele kwenye daladala. Mgongo una heshima zake, hata bosi anauelewa. Sasa taja nyonga uone. Wa kwanza atakutazama kuanzia juu hadi chini, kisha acheke pembeni. Wa pili atauliza umri. Wa tatu ataagiza supu ya kongoro, eti mifupa imeishiwa grisi. Wa nne ataapa kwa kaburi la bibi yake kwamba dawa ni bamia, ule utelezi unakwenda moja kwa moja kwenye viungo. Unapitia wapi? Hajui. Bamia inashuka tumboni inasagwa kama mchicha, lakini yeye ameshaichongea barabara ya lami mpaka nyongani.

Tuliache bakuli la bamia, tuanze na mahali penyewe, maana neno nyonga watu wanalitumia kwa chochote kilichoko kati ya mkanda na goti. Weka kidole kwenye ukingo wa mfupa wa kiuno, ubavuni. Shuka chini upana wa kiganja hivi. Utagusa kinundu kigumu, kile kinachobanwa na godoro ukilala ubavu. Hapo ndipo kano za misuli ya makalio, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, zinapojishikiza, na hapo ndipo wakimbiaji wengi wenye watoto wanapolia. Kazi ya misuli hiyo ni moja, ila nzito: ukisimama kwa mguu mmoja, inazuia kiuno kisidondoke upande wa pili. Na mbio ni nini kama si kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, bila kupumzika? Kilomita moja ya mwendo wa mchakamchaka ni hatua kama 1,100. Kila nyonga imekula 550 kabla hujanywa chai.

Anayeumwa hapo anajulikana asubuhi. Suruali haivai tena akiwa amesimama. Anakaa kitandani kama bwana harusi anayevalishwa. Ngazi anazipanda kwa kushika reli. Akikaa kitini nusu saa, hatua tano za kwanza anatembea kama amekanyaga msumari, ya sita anakuwa mzima, anajidai hakuna kitu. Ukitaka uhakika, simama kwa mguu unaouma, kidole kimoja ukutani usije ukapepesuka, hesabu sekunde 30. Maumivu yakikufuata palepale kwenye kinundu kabla hujamaliza, karibu chamani.

Basi familia nzima inakaa kikao na hukumu inatoka: ni mbio. Acha mbio. Mtu mzima unakimbia, unafukuzwa na nani? Haya, tupige hesabu. Mbio ni saa moja, mara tatu kwa wiki. Wiki ina saa 168. Zile 165 nyingine nyonga ilikuwa likizo?

Kano hizi zina chuki moja: kubanwa dhidi ya kinundu. Na zinabanwa kila paja linapoelekea upande wa mwenzake. Sasa mtazame mzazi aliyesimama dukani. Kiuno kakisukuma kulia kama mkono wa birika, juu yake ameketi mtoto wa miaka miwili, kilo 12 na viatu. Mguu wa kulia umebeba vyote, wa kushoto umelegea tu unapunga upepo. Mkono mmoja umemkumbatia mtoto, mwingine unahangaika na namba ya siri ya simu, mfuko wa nyanya unaning'inia kwenye kidole, na mtoto anavuta sikio akidai pipi. Mtandao unasumbua. Dakika kumi nzima nyonga ya kulia inaminywa kama chungwa. Kesho yake akimbie kilomita 4, ikiuma, kosa la mbio!

Bibi zetu walishaimaliza kesi hii kwa mbeleko. Kitenge mgongoni, mtoto katikati, uzito unagawanyika kwa nyonga zote mbili na mikono iko huru. Akina baba nao wajifunge, hajafa mtu kwa kitenge. Mbeleko ikishindikana, mbebe kifuani, simama kwa miguu yote miwili, na ukichoka mshushe atembee. Ana miguu. Tena mipya.

Ndoo nayo ina sheria yake, na wengi wanaivunja kwa huruma. Nyonga ya kulia ikiuma, mtu anahamishia ndoo mkono wa kushoto ili aipumzishe. Kumbe anaiongezea kazi! Mzigo ukiwa kushoto, kila ukikanyaga mguu wa kulia kiuno kinavutwa kushoto, na misuli ya kulia ndiyo inayokizuia. Lita 20 ni kilo 20, hapo hujahesabu mwili wako mwenyewe. Mzigo ushikwe kwa mkono wa upande uleule unaouma. Fimbo ndiyo inayokwenda upande wa pili. Afadhali zaidi, lita 10 huku na lita 10 huku, hata kama watoto wa jirani watacheka.

Kukunja nne ofisini, acha. Kukaa mkekani miguu imekunjwa pembeni, upande mmoja saa nzima, acha. Mbuzi ya nazi tafuta wa kukukunia, hapo una sababu ya kitabibu na usiipoteze.

Usiku ndio balaa lenyewe. Ukilala kwa ubavu unaouma, godoro linaminya. Ukigeukia ubavu mzima, paja la juu linadondoka mbele na kano zinabanwa vilevile. Kwa hiyo ni chali, mto chini ya magoti. Au ubavu mzima, mto mnene ukianzia magotini hadi kwenye vifundo vya miguu, goti la juu lilingane na nyonga. Mnene, si ule uliobaki kama chapati. Kusema ni rahisi. Saa nane usiku anaingia mwenye nyumba wa miaka minne, anachukua mto, analala kukata kitanda, na kisigino chake kinakitafuta kinundu kilekile gizani bila tochi na kukipata. Kunja blanketi, lifunge kwenye paja moja kwa kanga. Hilo haliibiwi kirahisi.

Halafu kuna Jumamosi. Kikundi cha joging kimerudi, fulana za rangi moja, filimbi, jasho, nyimbo. Kiongozi anaamuru kunyoosha viungo: vuka mguu mmoja mbele ya mwingine, inama pembeni! Laleni chali, goti livuteni mpaka bega la upande wa pili, vutaaa! Hiyo ndiyo ile minyo ya dukani, safari hii kwa filimbi. Kwa dakika tano ni tamu, usiku unailipia. Wengine wanaviringisha chupa ya maji ya barafu juu ya kinundu mpaka machozi yawatoke, wanasema inafanya kazi. Inafanya, ila si kazi mliyoituma. Kuchua nyama ya kalio ruksa. Kinundu chenyewe kiacheni.

Kano inatengenezwa kwa kubebeshwa mzigo kidogokidogo bila kubanwa. Anza na kanga, na hapa naona wenzetu wananunua mipira ya mazoezi ya bei kali wakati kabatini zipo doti sita. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziachane upana wa nyonga. Funga kanga kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti, magoti yasikutane. Sukuma nje polepole, kama anayefungua mlango uliokwama asije akaamsha watu, shikilia sekunde 30, achia. Mara nne au tano, asubuhi na jioni. Usikaze kama unapigana. Theluthi ya nguvu inatosha. Kanga haivutiki, ndiyo raha yake.

Baada ya wiki moja au mbili ingia kwenye daraja. Mkao uleule, inua kiuno kwa hesabu ya tatu, shusha kwa hesabu ya tatu, mara 10, seti tatu. Ikiwa rahisi, uzito mwingi uwe mguu unaouma, baadaye mguu mmoja peke yake. Kisha ngazi ya sentimita 15: panda kwa mguu unaouma, shuka taratibu, mbele ya kioo. Kiuno kisiinamie upande mmoja, goti lisiingie ndani. Watu wanaharibu kwa haraka. Mtoto anajigeuza kitandani, mzazi anaziparamia ngazi kama anafukuzwa na sungusungu, anamaliza 30 mbovu. Fanya nane za pole. Daraja na ngazi ni mara tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati.

Maumivu yapimwe kwa kumi. Yakifika tatu wakati wa mazoezi, endelea. Yakivuka hapo, au kesho asubuhi yakiwa makali kuliko jana, mzigo ulizidi, punguza. Na ni wiki 8 hadi 12, si siku 8. Najua hakuna mwenye subira hiyo, ndiyo maana watu wanakimbilia sindano ya steroidi. Inatuliza haraka, sibishi. Lakini huko Australia watafiti waliyashindanisha mazoezi na sindano hiyo: watu 204, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Baada ya wiki 8, waliofundishwa namna ya kukaa na kubeba, wakafanya na mazoezi, 77 kati ya kila 100 walisema wamepona au wana nafuu kubwa. Wa sindano walikuwa kama 58. Waliosubiri tu, 29. Wa bamia hawakualikwa. Na ile tabia ya kumeza diklofenaki, kidonge cha maumivu, kabla ya mbio ili usisikie kitu, ni sawa na kuzima king'ora moto ukiwaka.

Mbio zenyewe si lazima ziachwe. Kilomita 10 ziwe 5, siku moja ipite katikati, vilima na kasi vikae kabatini. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Ukipata 40, hiyo ni hatua 160 kwa dakika. Peleka 42, iwe 168, kwa mwendo uleule. Hatua inakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili, nyonga inapumua. Na miguu isipishane kama ya mwanamitindo. Jifanye kuna mstari wa chaki katikati, ukiukanyaga unalipa faini.

Barabara nazo zina fitina. Huku magari yanapita kushoto, mwenye akili anakimbia kulia ili ayaone yanakuja. Sawa, lakini lami imeinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo mguu wa kushoto uko juu kila siku na kiuno kinadondoka kulia. Nyonga ya kushoto ndiyo inayobanwa. Anayeona afadhali Coco Beach aangalie mchanga: unateremka kuelekea majini, hadithi ileile na upepo wa bahari juu yake. Uwanja wa shule ni bora, mradi ubadilishe upande wa kuzungukia. Kiatu cha mtumba kiweke mezani, kitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kina mazoea ya mwenye nacho wa kwanza. Mwachie muuzaji hata kama kinang'aa.

Vichekesho vinaishia kinenani. Maumivu yakiwa ndani, kwenye mkunjo wa paja, yanapiga kila ukitua, na kuruka kwa mguu mmoja huwezi, inaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Acha mbio siku hiyohiyo, usimalizie hata kilomita iliyobaki, nenda hospitali. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, ndiyo inayouona. Walio hatarini ni aliyeongeza kilomita ghafla, anayekula kidogo kuliko anavyokimbia, na mwanamke ambaye hedhi imekatika. Mwenye seli mundu, au aliyetumia steroidi muda mrefu, asipuuze maumivu ya kinena kabisa, kwa sababu kichwa cha mfupa huo kinaweza kukosa damu kikafa. Homa pamoja na kushindwa kukanyaga ni dharura. Na mama aliyejifungua asiharakishwe na fulana za kikundi: wiki 12 angalau kabla ya mbio, atembee na kujenga misuli kwanza.

Turudi kwenye lile daraja, maana limebaki swali la uzito. Ukifika wiki ya sita, mara 10 hazikutoi jasho, unatakiwa kuongeza kilo juu ya kiuno. Watu wanauliza zinauzwa wapi. Wewe tandika mkeka sebuleni, lala chali, kunja magoti, inua. Hutamaliza mara ya tatu kabla kilo 12 hazijaja zenyewe zinakimbia, miguu peku, uji mdomoni, na kupanda juu bila kuuliza. Ziketishe kwenye mifupa ya kiuno, si tumboni, zishike mikono yote miwili. Tatu juu, tatu chini. Zikipiga kelele "tena!", hiyo ni seti ya pili.