Fomu Isiguse Isichokielewa

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi wa programu, ambaye nitamwacha bila jina kwa kuwa shangazi yake ni jirani yangu, alikikabidhi kikundi chetu cha wavuvi hapa Kibirizi fomu ya kuhariri daftari la mitumbwi. Fomu yenyewe inapendeza: inafunguka ndani ya kihariri kilekile tunachotumia kila siku, ina visanduku vilivyonyooka, ina orodha ya kuchagulia mwalo, na kitufe chake cha kuhifadhi kina rangi ya kijani. Karani wetu alibadilisha namba ya simu ya mwenye mtumbwi mmoja, akabonyeza kijani, na faili lote la YAML (mtindo wa kuandika data kwa maandishi ya kawaida, ndilo daftari letu) likaandikwa upya. Vipengele vilijipanga kwa alfabeti, na maelezo yote aliyokuwa ameyaweka pembeni baada ya alama ya reli (#) yakatoweka. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, ikaonyesha kwamba karibu kila mstari umebadilika, ingawa mama wa watu aligusa namba moja tu.

Kijana alijibu kwa utulivu mkubwa kwamba data haijapotea. Ahsante sana. Hayo aliyoyaona kuwa si data ni maneno kama "namba hii ni ya mkewe, mwenyewe hana simu" na "asidaiwe mchango mpaka injini itoke kwa fundi". Anayeijua kazi ya kukusanya michango mwaloni anaelewa kwamba mstari wa namna hiyo huzuia ugomvi ambao kisanduku cha "jina" na kisanduku cha "simu" havina uwezo wa kuuzuia.

Chanzo chake kinajulikana na hakina uchawi wowote. Fomu za namna hii husoma faili, huligeuza kuwa vitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, huvionyesha, kisha huvimwaga upya juu ya maandishi ya zamani. Maktaba ya PyYAML (msimbo ulio tayari wa kusoma na kuandika YAML), ambayo wengi hukimbilia, haibebi maelezo ya pembeni katika safari hiyo, na isipoambiwa vinginevyo hupanga vipengele kwa alfabeti wakati wa kuandika. Huyo ni fundi aliyeitwa kubadilisha kitasa akaupaka ukuta chokaa. Ipo maktaba nyingine, ruamel.yaml, inayojitahidi kuyahifadhi maelezo hayo, na ipo njia ninayoipenda zaidi: kichanganuzi, yaani programu ya kusoma muundo wa maandishi, kinachokumbuka kila thamani inaanzia herufi ya ngapi na kuishia ya ngapi, ili fomu ibadilishe kipande hicho peke yake na kuacha vingine vyote vilivyo. Kichanganuzi kiitwacho Tree-sitter kinatoa taarifa hizo. VS Code, kihariri cha mafundi wa programu, nayo hufanya hivyo kwa mipangilio yake, kwani unaweza kubadilisha jambo kwenye ukurasa wa visanduku, ukafungua faili lake la mipangilio, settings.json, ukayakuta maelezo yako yamekaa palepale. Hata Emacs (kihariri kingine), ambayo vijana huicheka kwa uzee wake, ilipoingiza Customize, fomu yake ya mipangilio, katika toleo la 20 mwaka 1997 iliifanya fomu hiyo iandike kwenye sehemu yake maalumu ya faili la mipangilio, isivuruge mistari mingine ambayo mtumiaji ameiandika kwa mkono. Jambo hili lilikwisha kufikiriwa kabla kijana wetu hajaanza darasa la kwanza.

Nikisema hivi hujitokeza wale wanaodai kwamba fomu ni za wavivu, na kwamba karani ajifunze YAML kama wao. Basi wao wamweleze kwa nini saa ya chombo kuondoka, 12:30, ikiandikwa bila alama za kunukuu chini ya kanuni za YAML 1.1, husomwa kuwa 750, kwa sababu inahesabiwa kwa msingi wa sitini (12 mara 60, ongeza 30). Wamweleze pia kwa nini namba ya simu inayoanza na sifuri hugeuzwa kuwa hesabu ya msingi wa nane ikiwa tarakimu zake zote ni kati ya 0 na 7, lakini ikiwa na 8 au 9 ndani yake husalimika kama maandishi. Kwa hiyo wavuvi wawili walioandikwa kwa namna ileile, siku ileile, mmoja atapigiwa simu na mwingine hatapatikana. Kisanduku kinachojua kwamba hii ni simu na kuiwekea alama za kunukuu kimyakimya hakina uvivu wowote ndani yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ofisi yenye makarani wengi wanaoandika kwa wakati mmoja inahitaji hifadhidata halisi na haina sababu ya kuhangaika na faili la maandishi. Sisi tuna karani mmoja.

Kipimo ninachokidai ni chepesi: fungua faili kwa fomu, usibadilishe kitu, hifadhi, kisha linganisha. Pasiwe na tofauti hata ya nafasi moja tupu. Kipengele ambacho fomu haikijui, mathalani kile alichokiongeza karani jana kwa mkono, kibaki kama kilivyo hata kama hakina kisanduku. Kutengua kufanye kazi kama kunavyofanya kazi kwenye maandishi ya kawaida. Na faili likiwa na kosa la uandishi, fomu isijaribu kubahatisha wala kujaza pengo kwa akili yake. Ikatae kufunguka, itaje mstari wenye kosa, na imwachie karani maandishi yake ayarekebishe mwenyewe.