"Haina Kolesteroli": Ingekuwaje Nayo?

Chukua chupa ya mafuta ya kupikia dukani uigeuze. Mara nyingi utakuta kamoyo kekundu kamechorwa, na pembeni yake maneno "Haina kolesteroli". Ni kweli tupu. Kolesteroli ni mali ya wanyama: iko kwenye kiini cha yai, maini, nyama, maziwa na samli. Alizeti haina ya kuhesabika, mawese hayana, nazi haina. Kuyasifia mafuta ya mimea kwa kukosa kolesteroli ni kama kuusifia mchicha kwa kukosa mifupa.

Kinachoniudhi ni kwamba sifa hiyo inalificha swali lenyewe. Kolesteroli nyingi iliyomo mwilini hatuili; tunaitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini. Ini hilohilo ndilo linaloivuta LDL, ile iliyopewa jina la kolesteroli mbaya, kuitoa kwenye damu kupitia vipokezi vilivyo kwenye seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein walitunukiwa Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyofichua vipokezi hivyo. Ukila kwa wingi mafuta shibe, jamii ya yale yanayopenda kuganda, vipokezi hupunguza kazi. LDL inabaki ikizunguka, na miaka ikienda inajipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo. Mafuta ya alizeti, soya au mahindi yakichukua nafasi ya mafuta shibe, LDL hushuka. Chupa mbili zinaweza kuwa na kamoyo kalekale na zikakupeleka njia tofauti kabisa.

Kwenye mafuta ya alizeti, sehemu shibe ni kama asilimia 10 hivi. Kwenye mawese ni karibu nusu. Kwenye nazi inapita asilimia 80. Aliyewahi kuishi Njombe au Makete anayajua haya bila maabara: mwezi wa Juni na wa Julai mafuta yatokanayo na mawese hufanya ukungu, kisha huweka utando mweupe chini ya chupa, na mwenye duka huianika juani kabla ya kukupimia. Alizeti iliyo kwenye rafu hiyohiyo inabaki inamiminika.

Najua watu wa pwani watanirushia mawe kwa habari ya nazi. Nitulie kidogo hapa. Tui lililoungiwa samaki, sufuria moja, familia nzima na wageni wawili, silo ninalolisema. Nalalamikia ushauri unaozunguka kwenye simu zetu, kwamba ule kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi "kusafisha mishipa". Mafuta ya nazi hupandisha LDL kuliko mafuta ya mimea yasiyoganda. Yanapandisha na HDL pia, ile iitwayo kolesteroli nzuri, ndiyo, lakini hilo halifuti la kwanza.

Mabaya zaidi ni transfati, zinazotokea kiwanda kinapoyagandisha nusunusu mafuta ya maji ili yawe ya kopo au ya kuokea. Hizo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo mmoja. Denmark iliziwekea kikomo tangu mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziziondoe kwenye vyakula. Sioni cha kujadili hapo.

Na ukiacha samli kisha ukajaza pengo kwa maandazi na soda, hujafanya kitu. Faida inaonekana pale mafuta shibe yanapopisha mafuta laini kama ya alizeti, si yanapopisha sukari na unga mweupe.

Mfano ninaoupenda uko jirani, Mauritius. Kule mafuta ya bei nafuu yaliyotegemewa na watu wengi yalikuwa kwa sehemu kubwa ya mawese. Serikali ikayabadili yawe ya soya. Kati ya mwaka 1987 na 1992 wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulishuka kwa takriban 0.8 mmol kwa lita. Kulikuwa na kampeni ya afya pia, lakini watafiti walikiona kile kilichobadilika ndani ya chupa kuwa na mchango mkubwa. Hakuna aliyelazimika kusoma lebo. Mama alikwenda dukani kama kawaida, akanunua mafuta ya bei ileile ya wanyonge, akarudi kukaanga vitunguu.

Sasa tazama kwetu. Kila bajeti ikikaribia, mabishano ya ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje yanarudi: mkulima wa alizeti wa Singida upande huu, mlaji anayelia bei upande ule. Wote wana hoja. Ila sijawahi kusikia mtu akisimama katika mjadala huo kuuliza mafuta gani yanaingia kwenye mishipa ya nani. Wizara ya afya ingepaswa kukaa kwenye meza hiyo pamoja na ya kilimo na ya fedha.

Maana hata tukishinda vita ya lebo, tukalazimisha viwanda viandike gramu za mafuta shibe kwa herufi kubwa, nani atazisoma? Anayenunua chupa ya lita tano, labda. Anayepeleka kichupa chake cha maji kwa Mangi apimiwe robo kutoka kwenye dumu haoni lebo yoyote. Anauliza bei tu.