Ndimu Tunazo Tele, Margarita ya Mtungi ya Nini?

Mji unaouza ndimu kila kichochoro hauna sababu ya kunywa margarita, kile kinywaji cha tekila na ndimu, iliyokorogwa kiwandani. Lakini ndivyo tunavyonyweshwa. Katika hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini, jina naliweka, niliagiza margarita nikamtazama kijana wa kaunta akiinua mtungi wa plastiki wenye maji ya kijani, akaumiminia kwenye blenda pamoja na barafu na tekila kidogo, akaniletea na mwavuli wa karatasi juu. Utamu mtupu, ukali hamna. Na ndimu zenyewe zilikuwa pale pale mbele yake, zimekatwa duara duara, kazi yake kupamba gilasi!

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: kinywaji hiki Mombasa hutengenezwa nyumbani, na kinachokitengeneza ni ndimu. Tekila inafuata.

Ndimu yetu ndogo, ile yenye mbegu nyingi na ganda jembamba, ni aina ile ile wanayokamua Mexico. Asili yake ni Asia. Waarabu waliieneza kuelekea magharibi, na baadaye Wahispania wakaivusha Atlantiki. Zile kubwa za kijani zisizo na mbegu, zinazotawala baa za Marekani, ni aina nyingine kabisa na harufu yake imepoa. Kwa hivyo mtu wa Kisauni aliyenunua fungu la ndimu soko la Kongowea asubuhi yuko karibu na Mexico kuliko mnywaji wa New York, japo huyo wa New York analipa zaidi.

Usichague za kijani kwa sababu tu picha za mtandaoni ni za kijani. Ndimu ikiiva huanza kugeuka manjano, na hapo ndipo maji yanapojaa. Ibonyeze: ikibonyea kidogo, chukua, ikiwa ngumu kama gololi, mwachie mwenyewe. Ukifika nyumbani izungushe juu ya meza kwa kiganja ukiikandamiza, kisha ikate na ukamue papo hapo. Maji ya ndimu yaliyolala kwenye friji hubaki na uchachu tu, ile harufu inayopanda puani imeshakwenda zake. Chuja mbegu.

Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujatoka nje. Silisemi hili kwa utani. Ganda na maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huibabua, yakatoka malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Huko ng'ambo huwapata sana watu wanaokamua ndimu kando ya bwawa la kuogelea. Sisi jua letu mnalijua.

Tekila sasa. Ukipita barabara ya Kilifi, pale Vipingo, unaona mashamba ya mkonge. Mkonge ni jamaa wa karibu wa agave ya buluu inayotengenezewa tekila huko Jalisco, na wenyewe pia asili yake ni Mexico. Tofauti ni kwamba sisi tunakata majani kwa ajili ya nyuzi, na wao majani wanayatupa wakachukua kiini, wakakioka hadi wanga wake ugeuke sukari, ndipo wakakichachusha na kukichemsha kupata pombe. Mmea huo hungojewa miaka sita, saba, hata zaidi. Ndiyo maana chupa nzuri ina bei, na ndiyo maana wajanja hupunguza: sheria ya Mexico inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwingine, mara nyingi kwenye miwa. Kama lebo haikusema agave asilimia 100, jua umeuziwa mchanganyiko. Kwa margarita nunua nyeupe. Ile ya dhahabu mara nyingi ni rangi tu ya kutiwa, na iliyolazwa kwenye mapipa kweli ni hasara kuifunika kwa ndimu. Kagua stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa programu ya simu ya Soma Label kabla hujatoa pesa, maana pombe bandia nchini si hadithi.

Kiungo cha tatu ni pombe tamu ya maganda ya machungwa, triple sec au Cointreau ya Ufaransa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu Cointreau moja yaweza kukugharimu kuliko tekila yenyewe. Usikate tamaa. Kuna baa ya Kimexico mjini San Francisco, Marekani, ambako Julio Bermejo aliiondoa kabisa pombe ya machungwa akatumia asali ya agave, na kinywaji chake leo kinatambuliwa na IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa. Asali ya agave hatuna, ya nyuki tunayo. Changanya asali na maji ya moto kwa kiasi sawa ili isigande kwenye barafu. Ile inayorinwa kienyeji, yenye harufu ya moshi kwa mbali, hupatana sana na tekila. Aliyezoea dawa, ya vodka na asali na kijiti chake, ameshajua nusu ya somo hili.

Vipimo vya IBA ni mililita 50 za tekila, 20 za triple sec na 15 za ndimu. Mimi naona wameibania ndimu. Kijiko cha mezani ni mililita 15, basi weka vijiko vinne vya tekila, viwili vya ndimu, na kimoja na nusu cha triple sec, au kimoja cha yale maji ya asali. Tia kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko kizuri, jaza barafu hadi juu, tikisa mpaka chupa ikuume vidole kwa baridi. Usiwe bahili wa barafu. Kwa joto letu barafu chache huyeyuka upesi na kukuachia maji, nyingi hupoza kabla hazijayeyuka. Chuja kwenye gilasi iliyokuwa kwenye friza.

Chumvi iwe ya mawe, ukaiponde kidogo. Ya unga hung'ata ulimi. Pakaa ndimu nusu tu ya ukingo wa gilasi, kwa nje, ili mtu achague upande wa kunywea. Ukitaka ya Mombasa hasa, changanya chumvi na pilipili ya unga, ile ile tunayonyunyizia embe mbichi na mihogo pale Mama Ngina. Hakuna mtoto wa hapa atakayeuliza chumvi inafanya nini kwenye kitu kichachu.

Kuhusu ile ya kusagwa na barafu, historia yake yafurahisha kuliko ladha yake: Mariano Martinez wa Dallas, mwaka 1971, aligeuza mashine ya aiskrimu ili awahi wateja wake, na mashine hiyo sasa imo katika makumbusho ya Smithsonian. Ikae huko huko.

Na kwa kuwa barazani petu huwezi kukosa mtu asiyegusa pombe, mtengenezee yake kwanza, kwa chupa na gilasi zake mbali: ndimu, maji ya asali, chumvi kwenye ukingo, juu umalizie maji ya gesi yaliyopoa. Asipewe soda ya chungwa kana kwamba yuko adhabuni. Viazi karai vikifika, ndimu zilizobaki mtazikamulia humo.